Sentimita 10 Kutoka Sakafuni

Chuma kilikuwa kimeinuka kama sentimita 10 tu kutoka sakafuni mgongo uliponiacha. Sikusikia mlio wowote. Nilihisi kitu kama uzi unaovutwa upande wa kushoto, juu kidogo ya mfupa wa nyonga, kisha joto likasambaa hadi kwenye kalio, kisha miguu ikakataa kusukuma. Nikakiachia chuma. Kilikuwa na kilo 85, uzito niliokwisha kuunyanyua wiki tatu mfululizo, marudio matano kila seti. Hili lilikuwa rudio la nne.

Kilichoniuma kuliko mgongo wenyewe ni kwamba nilijiona mtu wa mwisho kupatwa na jambo kama hilo. Nilikuwa nimebeba vyuma kwa miaka minne, siku tatu kwa wiki, na sikuwahi kutoka jimu bila kufanya mazoezi ya tumbo. Kranchi 50, yaani kulala chali na kukunja kifua kuelekea magoti, pumziko, 50 nyingine, kisha planki ya dakika mbili na nusu, mwili umenyooka juu ya viwiko na vidole vya miguu, huku macho yangu yakiwa kwenye saa ya simu. Baada ya kuzaa watoto wawili nilijiapia kwamba tumbo langu halitalegea, na kwa kulitazama tu, halikuwa limelegea. Mistari ya pembeni ilionekana. Mtu akilalamika mgongo, nilimshauri kwa moyo mweupe kabisa apige kranchi.

Asubuhi iliyofuata sikuweza kuvaa soksi. Niliinama kidogo tu juu ya sinki, kiasi cha kutema maji ya mswaki, na mgongo ukakaza kama ngumi. Chafya ilipokuja nikashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Mtoto wangu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu, alininyooshea mikono nimbebe. Nikamwambia, "Subiri kidogo, mama anaumwa mgongo." Akakaa chini pale pale miguuni pangu akisubiri, kwa sababu kwake kusubiri ni jambo la dakika moja.

Daktari aliniuliza kama nina ganzi katikati ya mapaja, kama mguu mmoja umepoteza nguvu, kama nashindwa kuzuia mkojo. Yote hayakuwepo. Akasema hakuna haja ya kupiga picha kwa sasa, nisilale kitandani mchana kutwa, nitembee kadiri ninavyoweza, na maumivu yakianza kutulia nimwone mtaalamu wa tiba ya viungo. Nilikwenda siku ya tisa.

Mtaalamu yule ni mama aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi na tano, na aliniita mdogo wangu tangu salamu ya kwanza. Alinilaza chali kwenye mkeka, magoti yakiwa juu ya nyonga, mikono ikielekea darini. Akapenyeza kiganja chake chini ya kiuno changu, pale penye uwazi kati ya mgongo na sakafu.

"Bana mkono wangu, mdogo wangu, usiuachie," akasema. "Sasa shusha mguu wa kulia taratibu mpaka kisigino kiguse mkeka."

Kisigino hakijafika hata nusu ya njia, mkono wake ulikuwa huru. Kiuno changu kilikuwa kimepinda na kuinuka kutoka kwenye mkeka, na mimi sikuwa nimehisi chochote. Tukarudia. Mara ya pili nilikaza kwa nguvu zangu zote, nikabana meno, nikaacha kupumua. Mkono wake ukaachiwa tena, mahali pale pale.

"Tumbo lako lina nguvu, dada," nilimsikia akisema, na nikashangaa kwamba hilo alilisema kwanza. "Ila umelifundisha kukunja. Chuma hakikuombi ukunje. Kinakuomba usipinde."

Miaka minne ya mazoezi yangu ilijibiwa katika sentensi hizo.

Nieleze alichonieleza, maana ndicho kilichobadilisha namna ninavyobeba vyuma hadi leo. Mtu akisema tumbo, wengi tunafikiria ule msuli wa mbele unaoshuka kutoka kifuani hadi kwenye kinena, unaoonekana kama vitofali mtu akiwa na mafuta kidogo. Huo ni ukuta mmoja wa chumba kizima. Pembeni kuna misuli iliyolala kimshazari, tabaka juu ya tabaka. Ndani yake kuna msuli mpana uliozunguka tumbo kwa mlalo kama mkanda. Nyuma kuna misuli mirefu inayosimamisha uti wa mgongo na mingine midogomidogo inayoshika pingili moja na nyingine. Juu kuna kiwambo, msuli wa kupumulia, ambao ndio dari. Chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo mwanamke aliyezaa anaijua kwa namna ambayo hakuna haja ya kufundishwa. Kiunoni, kati ya mbavu na nyonga, mifupa yote ya kushikilia mzigo ni pingili tano tu. Hakuna mbavu pale. Kinachozuia pingili hizo zisipinde chini ya kilo 85 ni chumba hicho chote kikikazwa kwa pamoja, kikiwa kimejaa hewa.

Kranchi zangu zilifundisha ukuta wa mbele kufupika na kurefuka. Skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mgongoni, na dedilifti, yaani kukinyanyua kutoka sakafuni hadi usimame wima kama siku ile niliyoumia, zinahitaji kuta zote zitulie huku nyonga na mabega yakifanya kazi. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kazi moja nikaenda kufanya mtihani wa nyingine.

Sisemi kranchi ni dhambi. Mgongo umeumbwa kupinda pia, na nina rafiki anayepiga kranchi kila wiki hana shida yoyote. Nasema tu kwamba mimi nilikuwa na deni upande mwingine, na niliendelea kulipa pale ambapo sikudaiwa.

Wiki ile ile nikakumbuka kitu. Mwenzangu wa mazoezi alikuwa amenipiga video siku niliyoumia, kwa sababu nilitaka kuona mkao wangu. Sikuwa nimethubutu kuitazama. Niliitazama siku hiyo jioni, mara ya kwanza kwa jicho moja, kisha mara kumi kwa utulivu. Ina sekunde chache tu. Rudio la kwanza: navuta pumzi, fulana inatanuka kiunoni, chuma kinapanda. La pili na la tatu: chuma kinagusa sakafu na kupanda papo hapo, pumzi ni ile ile ya mwanzo. Kabla ya la nne nilitoa pumzi, hilo linaonekana wazi, fulana inanywea kama puto lililotobolewa. Halafu, badala ya kuvuta nyingine, nikavuta chuma.

Nilikuwa nimetafuta sababu kwenye viatu, kwenye mkao wa miguu, hata kwenye usingizi. Sababu ilikuwa kwamba nilinyanyua kilo 85 chumba kikiwa kitupu.

Kwa hiyo tulianza na pumzi, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mama yule alinifundisha kujishika kiunoni, pale palipo laini kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, vidole vinne mbele na kidole gumba nyuma. Kisha nivute hewa kwa pua mpaka vidole vyote visukumwe nje, pamoja na vidole gumba. Jaribu sasa hivi ukiwa umekaa. Mimi nilipojaribu, mabega yalipanda, kifua kikajaa, vidole vya mbele vikasogea kidogo, na vidole gumba vikabaki vilipokuwa. Nilikuwa napumulia nusu ya juu ya mwili. Ilinichukua karibu wiki mbili, asubuhi na usiku, pumzi kumi kumi, kabla sijahisi nyuma pakitanuka. Siku pale nyuma paliposukuma vidole gumba kwa mara ya kwanza nilikuwa nimelala kwa ubavu gizani, na nilimwamsha mume wangu nimwambie.

Baada ya pumzi kuja kukaza. Hapo pia nilikuwa na la kusahau kwanza. Miaka mingi nilikuwa nimeambiwa nivute kitovu kuelekea mgongoni, na nilikuwa nimelifanya hilo kwa uaminifu katika kila skwati. Ushauri huo una asili yake. Mwaka 1996 watafiti Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Australia walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kwa watu wenye maumivu ya kiuno, ule msuli mpana wa ndani huchelewa kuamka mtu anaposogeza mkono. Kutokana na hapo yakaenea mafunzo ya kuuamsha kwa kunyonya tumbo ndani, na kwa mgonjwa aliyelala kitandani akijifunza kuuhisi msuli huo, yana mahali pake. Lakini mtu aliyebeba chuma mgongoni akinyonya tumbo ndani anapunguza upana wa nguzo yake mwenyewe. Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada aliyechunguza mgongo kwa miongo mitatu, amekuwa akisisitiza kinyume chake: kaza pande zote kwa pamoja, bila kunyonya ndani na bila kusukuma tumbo nje, kama mtu anayejua ngumi inakuja.

Mimi picha ya ngumi haikunisaidia sana, ilinifanya nijikunje. Kilichonisaidia ni kikohozi. Weka vidole pale pale kiunoni, kohoa mara moja, uhisi namna misuli inavyokupiga vidole pande zote. Sasa izuie pale bila kukohoa. Huko ndiko kukaza.

Nikijiandaa kwa skwati leo, natoa chuma kwenye vishikio, narudi hatua mbili, nasimama imara. Navuta hewa chini, pande zote, kama robo tatu ya uwezo wangu. Nakaza. Nashuka, napanda, na pumzi naiachia nikishapita pale pagumu. Juu kabisa naanza upya. Kila rudio na pumzi yake. Kwenye dedilifti nimeacha kabisa kugusisha chuma sakafuni na kukipandisha papo hapo. Nakiweka, nakiacha kitulie, navuta hewa, nakaza, ndipo navuta. Seti ya marudio matano sasa inanichukua karibu mara mbili ya muda wa zamani, na wapo wanaosubiri chuma ambao hawafurahii. Nawaomba radhi na naendelea.

Mbinu hii ya kufunga pumzi na kusukuma inaitwa kwa jina la tabibu wa Italia, Antonio Maria Valsalva, aliyeieleza mwaka 1704 alipokuwa akiandika kuhusu sikio, wala hakuwa na habari kabisa na vyuma. Inapandisha shinikizo la damu ghafla kwa sekunde chache. Mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye ngiri, au mjamzito azungumze na daktari wake kwanza. Na kwa wanawake wenzangu: mkojo ukivuja unapokaza, hiyo ni taarifa kwamba dari inasukuma kuliko sakafu inavyoweza kupokea. Punguza uzito, toa pumzi kidogo kidogo wakati wa kupanda, na utafute mtaalamu wa sakafu ya nyonga. Mimi nilinyamazia jambo hilo mwaka mzima baada ya uzazi wa pili, na nilipolisema lilitengenezeka.

Sasa mazoezi yenyewe. La kwanza ni lile lile lililoniumbua, ambalo wengi hulijua kwa jina la mdudu mfu, kwa kuwa unalala chali mikono na miguu ikiwa juu. Unashusha mguu mmoja na mkono wa upande wa pili kwa pamoja, taratibu, huku kiuno kikiwa kimekaa kwenye mkeka. Urahisi wake wa kutazamwa unadanganya. Wiki ya kwanza sikuweza kushusha mguu wote, nilishusha kisigino tu huku goti limekunjwa, na nilifanya marudio matatu kila upande. Matatu. Niliyezoea kranchi mia. Lakini nilitandika taulo jembamba chini ya kiuno, na mwanangu mkubwa akawa anavuta ncha yake. Taulo likitoka, rudio halihesabiwi. Alilifurahia sana jukumu hilo na hakunihurumia hata kidogo. Mwishoni mwa mwezi wa pili taulo lilikaa marudio nane kila upande, miguu ikiwa imenyooka, nami nikitoa pumzi yote kila mguu unapofika chini.

McGill ana mazoezi matatu anayoyapendekeza kwa mgongo, na mama yule alinipa mawili kati yake. Moja ni la kupiga magoti na kuweka viganja chini, kisha kunyoosha mkono mmoja mbele na mguu wa upande wa pili nyuma, nyonga isiyumbe. La pili ni planki ya ubavu, ya kulala kwa ubavu na kuinua nyonga, mwili ukisimama juu ya kiwiko kimoja na miguu. Unashikilia sekunde 10 tu, unapumzika, unashikilia tena, na seti zinapungua kadiri unavyoendelea: mara sita, kisha nne, kisha mbili. Wazo ni kujenga ustahimilivu bila kuufikisha msuli kwenye uchovu unaovunja mkao. Katika planki ya ubavu ndipo nilipogundua kitu ambacho kioo hakikuwahi kunionyesha. Tulipopima mara moja kwa muda wote ninaoweza, upande wa kulia ulikaa sekunde 41. Wa kushoto, 18. Kushoto ndiko nilikoumia. Ndiko pia nilikobebea watoto wote wawili, nyonga imetokeza nje, miaka mitano mfululizo. Siwezi kuthibitisha kwamba hilo lilisababisha hili, lakini tangu siku hiyo nambeba mdogo upande wa kulia kila ninapokumbuka.

Kuhusu planki ya kawaida, niseme neno. Mwaka 2024 mwanamke wa Kanada, DonnaJean Wilde, alikaa kwenye planki saa 4, dakika 30 na sekunde 11, akiwa na miaka 58, na ikawa rekodi ya dunia ya wanawake. Namvulia kofia. Ila mimi chini ya chuma nahitaji sekunde tano za kukaza kwa nguvu kubwa mno, mara nyingi, na pumziko katikati. Dakika zangu mbili na nusu zilikuwa zimenifundisha kuning'inia kwenye kano za kiuno nikisubiri saa iishe. Siku hizi napiga planki ya sekunde 10: viwiko navivuta kuelekea vidole vya miguu, makalio nayabana, ngumi nazikaza. Nikimaliza natetemeka. Seti tano zinatosha.

Zoezi nililolipenda kuliko yote ni la kutembea. Unabeba dambeli nzito mkono mmoja tu, kama mtu aliyebeba sanduku la safari, mkono wa pili mtupu, na unatembea ukiwa umenyooka. Hakuna zaidi ya hapo. Dambeli inakuvuta upande wake, na misuli ya ubavu wa pili inakataa. Nilianza na kilo 12, hatua 30 kwenda na 30 kurudi, kisha nabadilisha mkono. Tatizo la mwanzo ni kuegemea upande mtupu ili kusawazisha, na mtu hajui kwamba ameegemea. Mwenzangu alikuwa akitembea nyuma yangu akiniambia "bega, bega" kila linapopanda. Nikaja kugundua dawa yangu: nitembee polepole kuliko ninavyotaka, na mguu mmoja ukiwa hewani nihesabu moja kabla haujashuka. Hapo hakuna pa kujificha. Nikifika mwisho wa ukumbi nasikia moto kwenye ubavu, mahali ambapo kranchi elfu haziwezi kupafikia.

Yapo mengine mawili ninayoyazungusha. Gurudumu la tumbo, ninaloliviringisha nikiwa nimepiga magoti na kulisimamisha pale ambapo kiuno kinataka kuanguka, si sentimita moja zaidi. Na zoezi la Pallof, la kusimama ubavu kwa mashine ya kamba, unasukuma mshikio mbele ya kifua huku kamba ikitaka kukugeuza. Linanisaidia, lakini sina mengi ya kusema juu yake.

Kosa nililolifanya baada ya hapo nalieleza kwa sababu naliona kwa wengi. Nilipoona faida, nikataka zaidi. Mwezi wa tatu nilitenga siku nzima ya tumbo na kiuno, dakika 45, mazoezi saba, siku moja kabla ya skwati. Wiki mbili mfululizo skwati zangu zikawa mbaya. Uzito niliouzoea ulinikunja mbele kama jani, kwa sababu misuli ya kunishikilia ilikuwa hoi kabla sijaanza. Mama yule aliponiuliza ratiba yangu akatikisa kichwa. "Dada wewe, skwati yenyewe ni zoezi la tumbo. Dedilifti ni zoezi la tumbo. Hayo mengine ni chumvi."

Ratiba iliyobaki ni fupi. Kabla ya vyuma, dakika sita au saba za mdudu mfu na lile la magoti, seti mbili mbili tu, kuamsha misuli bila kuichosha. Kisha vyuma. Baada ya vyuma, zoezi moja zito: siku ya skwati ni gurudumu, siku ya dedilifti ni kutembea na dambeli, siku ya benchi (kulala chali na kusukuma chuma kutoka kifuani) na kusukuma juu ni planki ya ubavu na Pallof. Siku tatu kwa wiki, na nikitoka najua ningeweza kufanya zaidi kidogo. Na uzito wa mazoezi hayo unapanda polepole kama vyuma vingine. Hilo nalo lilikuwa jipya kwangu. Miaka minne nilipandisha skwati kilo mbili na nusu kila nilipoweza, huku tumbo nikilipatia kranchi zile zile bila uzito wowote.

Saa za mazoezi nazo nilizibadilisha. Zamani niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri na saa kumi na mbili tayari nilikuwa navuta chuma. Diski za kati ya pingili hufyonza maji usiku tunapolala, ndiyo maana mtu huwa mrefu kidogo zaidi asubuhi kuliko jioni, na zikiwa zimejaa hivyo mgongo huwa mgumu na kuinama kunazibana zaidi. Sasa siku ya dedilifti ni ya jioni. Ikilazimu iwe asubuhi, natembea na kufanya kazi za nyumbani za wima kwa saa nzima kwanza.

Faida niliyoiona mapema kabisa haikuwa kwenye dedilifti, ilikuwa kwenye kusukuma chuma juu ya kichwa. Nilikuwa napinda kiuno nyuma kila uzito ulipozidi kilo 30, mbavu zikifunguka mbele, na nilidhani ni mabega ndiyo dhaifu. Si mimi peke yangu niliyekuwa na tabia hiyo. Kusukuma juu kuliwahi kuwa sehemu ya mashindano ya Olimpiki ya kunyanyua vyuma, kukaondolewa baada ya michezo ya Munich ya mwaka 1972, kwa kuwa wanyanyuaji walikuwa wakiegemea nyuma mno hata waamuzi wakashindwa kuhukumu. Nilipojifunza kufunga mbavu kwa pumzi na kubana makalio, kilo 32 na nusu zikapanda mgongo ukiwa wima. Mabega yalikuwa na nguvu hiyo siku zote. Yalikosa pa kusimamia.

Mkanda je? Niliununua kabla ya kuumia, nikaufunga kama mtu anayefunga jeraha, nikiamini utanishikilia. Mkanda wa ngozi wa upana wa sentimita 10 haukushikilii peke yake. Unalipatia tumbo ukuta wa kusukumia, na asiyejua kusukuma hapati msaada wake. Kwa miezi sita niliuacha kwenye begi. Sasa naufunga kwa seti nzito za mwisho tu, na naulegeza kiasi kwamba ninaweza kuvuta hewa hadi pale vidole gumba vilipokuwa.

Kitambi, kwa wanaouliza, hakina uhusiano na haya. Mafuta hayapungui mahali fulani kwa sababu misuli iliyo chini yake imefanya kazi. Kiuno changu kina kipimo kile kile. Fulana ndiyo inayojaa tofauti navutapo pumzi.

Nilianza tena na chuma kitupu, kilo 20, wiki ya nne baada ya kuumia, na nilikuwa na hofu kiasi kwamba viganja vililoa. Mwezi wa pili kilo 50. Mwezi wa tano nilisimama tena mbele ya kilo 85, na sitaficha, niliondoka mara mbili kwenda kunywa maji kabla ya kuzishika. Nilifanya marudio matatu, nikaacha. Ziliniacha salama. Wiki iliyofuata nilifanya matano.

Ijumaa iliyopita, mwezi wa tisa, niliweka kilo 100 kwa mara ya kwanza maishani. Nikasimama juu ya chuma, nikashuka, nikashika. Nilivuta hewa mpaka mkanda ukakaza pande zote, nikakohoa kile kikohozi kisichotoka, nikasukuma sakafu. Pale kwenye sentimita 10 chuma kilisita. Nilihisi kabisa mahali penyewe, upande wa kushoto, na palikuwa pamekaza kama ubao. Kisha kikaendelea kupanda. Nilikishusha, nikatoa uzito mmoja mmoja na kuurudisha kwenye rafu. Halafu nikachukua dambeli ya kilo 24 kwa mkono wa kulia, ili ubavu wa kushoto ndio ufanye kazi, nikaanza kutembea kuelekea mwisho wa ukumbi. Planki ya kushoto bado iko nyuma ya kulia kwa sekunde sita.